Mwaka wa Madoa ya Kutu

Clarisse alinipigia simu asubuhi kuniambia kwamba mama yake amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniomba jambo. Jumamosi watu wangekusanyika kwenye ukumbi wa parokia kule Ixelles, hapa Brussels. Ndugu wangesema, watu wa kwaya wangesema, na yeye alitaka mtu mmoja aseme kwa niaba ya watu wa kazini. "Yaya Sauda, njo weye," aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo: dada, ndiye wewe. "Maman alikuwa anasema weye njo ulimujua muzuri." Nilikubali, kwa sababu ombi la mfiwa halikataliwi, lakini nilipokata simu nilibaki kwenye kiti cha ofisini bila kuvua koti. Mama yake, Maman Philo, alikuwa mwajiri wangu, baadaye akawa mwenzangu katika kazi tunayoimiliki pamoja, na mwisho akawa mgonjwa ambaye nilimpelekea uji hospitalini siku alizoweza kumeza. Nilikuwa nimemjua zaidi ya nusu ya umri wangu. Hata hivyo mwaka wa kwanza, ule ulionifanya niwe mtu niliye leo, sikumwamini hata siku moja. Kila alilofanya nililigeuzageuza nikitafuta upande wake wa pili.

Habari za kwetu Bujumbura naziacha. Inatosha kusema kwamba nilifika Brussels nikiwa msichana aliyejifunza kwamba mtu mwenye cheo akikuuliza swali kwa upole, ujibu kwa kifupi na uangalie mlango uko wapi. Nilipanga chumba Saint-Gilles, katika nyumba ya matajiri wa zamani iliyokatwakatwa vipande ili itoshe watu wengi. Dari ya chumba changu ilikuwa na ua kubwa la chokaa, na ukuta wa mbao ulipita katikati yake, nusu ua kwangu, nusu kwa jirani. Kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba, niliishi na maneno ya watu. Nilijua nani anagombana na mumewe, nani anadai hati, nani amepewa siku za kuhama. Nilijua pia kwamba na wao wanasikia yangu, kwa hiyo nilizungumza kidogo, na simu za nyumbani nilizipigia barabarani. Ndiyo maana kaka Idi, dereva kutoka mtaa wa Buyenzi kwetu Bujumbura niliyefahamiana naye msikitini, aliponiambia kuna kazi kwenye dobi, yaani nyumba ya kufulia nguo, ya mama mmoja Mkongomani kule Forest, nilimuuliza maswali mengi kuliko aliyoweza kujibu. Kwa nini anatafuta mtu? Aliyekuwepo ameenda wapi? Huyo mama ni wa watu gani? Idi akacheka, akasema, "Wee, ni kufua mashuka tu. Si serikali."

Dobi ilikuwa nyuma ya safu ya nyumba, unapita ukumbi mrefu wenye baiskeli za watu halafu unafika kwenye banda kubwa la paa la vioo. Hewa ya mle ilikuwa ya sabuni ya moto na nguo mbichi, na treni zikipita vioo vilitetemeka. Upande mmoja zilikuwa mashine za kufulia, ambako niliwekwa mimi. Upande wa pili ilikuwa mashine ya pasi, yenye rola ndefu za moto zinazomeza shuka mbichi na kulitoa limenyooka, na hapo alisimama Nadège, msichana wa Lubumbashi mwenye sauti kubwa na kucha ndefu ambazo hazikumzuia kukunja shuka kwa kasi ya ajabu. Katikati alitembea Tonton Gaspard. Alikuwa mtu wa Likasi, mwenye koti la buluu lililopigwa pasi mpaka kwenye mifuko, na ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Wote walimwita chef. Mlangoni kulikuwa na ubao, tableau kama walivyouita, na kwenye ubao majina yetu yalipangwa kila wiki kwa kufuata nani ameosha zaidi, nani amekunja zaidi. Aliyekuwa juu mwisho wa mwezi alipewa kapu la chakula: mchele, mafuta, maziwa ya unga, mara nyingine samaki wakavu. Mimi nilikuwa mgeni na nilikuwa na woga, na woga ulinifanya nifanye kazi haraka. Jina langu lilipanda ubaoni. Nilidhani watu watanipenda kwa hilo.

Madoa yalianza muda mfupi baada ya mimi kufika. Yalikuwa madogo, ya rangi ya hudhurungi, kama punje za dengu, na yalijipanga kwenye mstari kana kwamba mtu ameyapanda. Yalitokea kwenye mashuka ya hoteli moja karibu na stesheni ya Midi, na hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini. Tulirudishiwa magunia. Tuliosha tena, doa likabaki. Bwana mmoja wa hoteli, mrefu, mwenye mwavuli, alikuja mwenyewe akanyoosha shuka lenye madoa mbele ya Maman Philo. Siku ile ile, nikiwa nyuma ya makabati ya chumba cha kubadilishia nguo, nilimsikia Nadège akizungumza na mwenzake. "Tangu ule mutoto wa Buja alifika, bintu binaharibika. Anaweka nini mu mashine?" Mwenzake akasema huenda ni bahati mbaya. "Bon, miye sisemi kintu," akajibu Nadège. "Ninaangalia tu." Nilibaki pale nimeshika viatu vyangu mpaka walipotoka. Kuanzia siku ile na mimi nikawa naangalia. Niliangalia nani anapita karibu na mashine zangu, nani anagusa ndoo zangu za sabuni. Niliamini kuna mtu ananitilia kitu ili nifukuzwe, na wao waliamini mimi ndiye ninayetia.

Siku hizo hizo Maman Philo alikuwa akienda jioni kwenye mafunzo ya watu wenye biashara ndogo. Alikuwa mama mnene wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na alikuwa ameanza na mashine moja jikoni kwake. Hatukujua anafundishwa nini. Tulichojua ni kwamba Jumatatu moja tulifika tukakuta ubao hauko. Ukutani palibaki alama ya mstatili mweupe. Hakuna aliyefurahi. Nadège alisema kapu limefutwa kwa sababu biashara inakufa. Idi alisema labda kuna ubao mwingine, wa siri, tusiouona. Gaspard alipita mbele ya ule mstatili mara nyingi bila kuutazama, uso umemkakamaa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. Mimi nilimwamini Idi. Nilianza kutafuta ubao wa siri.

Kisha yakaja maakuli ya Jumatano. Chumba cha juu ya banda, ambako zamani viliwekwa viti vibovu, kilifagiliwa na kuwekwa meza ndefu. Maman Philo alikuja na masufuria kutoka kwake, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na nyama ya mbuzi, akatuketisha wote, madereva na wafuaji na wapiga pasi, na yeye akaketi pembeni, si kwenye kichwa cha meza. Sikula ile nyama. Sikujua imechinjwa na nani, na sikutaka kuuliza. Nilikula sombe kidogo na kusikiliza. "Bon," alisema alipomaliza kupakua. "Hii madoa, miye sitaki jina ya muntu. Nataka kujua shuka inapita wapi. Muntu akikosa, tutauliza kwanza: kazi ilipangwa namna gani mpaka yeye akakosa? Kazi yetu ni kama mwili. Mukono unaweza kuuma, kumbe ugonjwa iko mu mugongo. Donc kila Mercredi tutakula hapa, na kila muntu ataeleza kazi yake, na wengine watasikiliza."

Gaspard ndiye aliyeuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake, "Na kama muntu anaharibu kwa kusudi?"

"Tutaona. Lakini hatutaanza pale."

"Alors miye kazi yangu ni nini?"

"Utasaidia bantu. Hutabahesabia tena."

Gaspard aliendelea kula. Mimi niliwaza juu ya mikutano mingine niliyowahi kuiona, ambako watu waliambiwa semeni msiogope, na waliosema walijuta. Leo, ninapokaa kwenye meza ile ile na vijana wanaoanza kazi kwetu, nawaona wakinitazama kama nilivyomtazama Maman Philo, na siwalaumu. Mtu akiambiwa kwamba hataadhibiwa kwa kusema kweli, jambo la kwanza analofikiri ni adhabu. Jumatano iliyofuata hapakuwa na nyama. Palikuwa na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga na pilipili, na sahani ya samaki ikawekwa mbele yangu. Kila mtu angeona wema hapo. Mimi niliona kwamba mtu amempelekea Maman Philo habari za nilichokula na nilichoacha. Nilimtazama Idi. Idi alikuwa anabandua vichwa vya ndagala.

"Mie simwelewi huyu mama," Idi aliniambia siku moja ndani ya gari, tukingoja taa pale karibu na kiwanda cha magari. "Gaspard akikufokea, unajua umesimama wapi. Huyu hafoki. Anauliza tu."

"Anauliza nini kwako?"

"Napita njia gani. Nachukua mzigo saa ngapi. Kwa nini saa hizo."

"Ukamjibu?"

"Nikamjibu nusu," alisema Idi. Sote tulikuwa tunajibu nusu. Jumatano baada ya Jumatano kila mmoja alieleza kazi yake kwa maneno ambayo hayangeweza kumdhuru, na madoa yakaendelea.

Halafu nikaona uzi. Nilikuwa napanga mashuka ya ile hoteli kabla ya kuyatia kwenye mashine, nikaona kwenye pembe ya shuka moja uzi mwekundu umeshonwa, mshono mfupi, wa mkono. Nikatafuta kwenye mengine nikaupata tena. Nikaenda kwenye magunia ya mfuaji mwenzangu nikafungua mawili, sikuona uzi wowote. Niliona jambo zima limekamilika: wameweka alama kwenye mashuka yanayopita kwangu, yakitoka na madoa watanionyesha uzi, na hapo hakuna atakayesema hatafuti jina la mtu. Ningeweza kunyamaza na kuung'oa. Ningeweza pia kuvaa koti langu na kuondoka. Badala yake, na hata leo sijui nguvu zile zilitoka wapi, nilipanda ngazi nikiwa nimebeba shuka, nikaingia ofisini kwake bila kubisha.

"Maman, huu uzi ni wa nini?"

Alivaa miwani, akautazama, akaivua tena. "Umeuona."

"Nimeuona. Ni mtego?"

"Ni ya kufuata shuka. Ijulikane inapita wapi, inalala wapi."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilitaka kubaambia Mercredi."

"Jumatano ilikuwa jana," nilisema.

Akasukuma kiti nyuma na kusimama. "Uko na haki," alisema. "Nilipaswa kusema jana. Enda uite bantu bote. Tunafanya leo, mbele ya bote."

Ndivyo tulivyofanya, na nikikumbuka mwaka ule, hiyo ndiyo picha inayonijia kwanza. Mashine zilizimwa isipokuwa moja. Watu wote wa dobi, pamoja na Maman Philo aliyevaa viatu vya mpira, tulitembea nyuma ya shuka moja kama watu wanaofuata jeneza. Tulianzia uani kwenye gari, tukaingia banda la kupangia, tukaenda kwenye mashine, kwenye toroli za waya, kwenye mashine ya kukaushia, kwenye pasi, mpaka mlango wa kutokea. Kila mahali palikuwa na mtu wake, na kila mtu alieleza. Huenda ni kwa sababu tulikuwa tumesimama na si kuketi, au kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu cha kuonyesha kwa mkono, lakini maneno yalianza kutoka mazima. Idi alisema hoteli sasa inatoa mzigo mchana badala ya asubuhi, kwa hiyo magunia yote yanafika kwa mkupuo. Mwenzangu wa kufua akasema ndiyo, na sisi tunayamaliza yote siku ile ile, kwa sababu tumezoea mambo ya ubao. Nadège akasema, kwa hasira, kwamba pasi haiwezi kumeza yote hayo, na kwamba kila asubuhi anakuta toroli zimejaa mashuka mabichi yaliyolala humo.

"Yanalala mu toroli?" aliuliza Maman Philo.

"Yanalala. Nilifikiri munajua."

Gaspard aliinama, akapitisha kidole kwenye waya wa toroli. Rangi nyeupe ya waya ilikuwa imebanduka vipande vipande tangu toroli zilipooshwa kwa mvuke. Kidole chake kilitoka na unga wa hudhurungi. Ilikuwa kutu. Maman Philo aliomba shuka jingine, jipya, lililooshwa na mashine ambayo mimi sikuigusa, akaliweka bichi kwenye toroli ile na kuliacha. Asubuhi Nadège alilikunjua mbele yetu. Mstari wa dengu ulikuwepo, umenyooka kama waya wenyewe.

Nilitazamia kuona haya kwenye nyuso za watu, haya niliyoona nastahili kulipwa, lakini binadamu hawako hivyo. Gaspard alihesabu jambo kichwani, akasema, "Donc bado ni yeye. Mbele ya yeye kufika, hatukuosha mingi hivi. Anaosha mbio, njo shuka inalala."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonikata maini. Ni kweli kwamba madoa yalikuja na mimi. Yalikuja na bidii yangu, na woga wangu, na jina langu lililopanda. Nilisimama pale nikingoja hukumu.

"Aliosha mbio juu ya nini?" Maman Philo alimuuliza. "Juu ya tableau. Nani aliweka tableau? Miye. Nilibaambia mushindane, mukashindana. Nilifikiri ninapata kazi mingi, kumbe nilikuwa ninapata kutu." Alikunja lile shuka taratibu. "Kuanzia leo tunaosha ile hesabu pasi inaweza kumeza. Mwenye kumaliza mapema aende asaidie mwenzake."

Mtu mwingine angelia kwa faraja. Mimi nilirudi kwenye mashine zangu nikiwaza kwamba huyu mama ni mwerevu sana: amejilaumu kwa sauti ili sisi tusimlaumu. Ndivyo nilivyokuwa.

Bwana wa hoteli alirudi na mwavuli wake. Mlango wa ofisi ulikuwa na kioo kilichopasuka kilichozibwa kwa ubao, na mimi nilikuwa kwenye ukumbi nikihesabu aproni, nikasikia yote, kwa Kifaransa cha taratibu cha watu wanaoheshimiana. Alisema amefurahi kwamba chanzo kimepatikana. Lakini mkurugenzi wake anataka kujua ni mfanyakazi gani aliyesababisha, na anataka mtu huyo asiguse tena mashuka yao. Akasema amesikia kuna msichana mgeni. Amesikia kwa nani? Maman Philo alimweleza juu ya toroli, juu ya saa za mzigo, juu ya pasi, akamwomba hoteli itoe nusu ya mzigo asubuhi kama zamani. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni mambo ya ndani, yeye anahitaji jina.

"Andika langu," Maman Philo alimjibu.

"Madame, hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Wiki chache baadaye hoteli ikahamia kwa dobi nyingine. Na mimi, badala ya kumshukuru, nililala nikiitazama ile nusu ya ua la darini na kujiuliza kama alijua niko ukumbini. Viatu vyangu vilikuwa na sauti. Huenda alisema vile ili nisikie.

Majira ya baridi yalikuwa mabaya. Mashine zilisimama siku nzima, vioo vya paa vikaganda, na tulipanda chumba cha juu kujipasha moto zaidi ya kula. Jumatano moja Maman Philo alituambia wazi kwamba kazi iliyopo haitutoshi. Ama watu wawili waondoke, ama wote, na yeye mwenyewe akiwemo, tupunguze siku za kazi mpaka apatikane mteja mwingine. Alisema hataki kuamua peke yake, maana sisi ndio tutakaokula hayo maamuzi. Nilishajua jibu. Nadège alilisema: "Mwenye alifika mwisho aondoke mwanzo. Ni hivyo popote. Si kwa ubaya." Hakunitazama, na nilimheshimu kidogo kwa kulisema mbele yangu badala ya nyuma ya makabati. Nilikuwa nimeanza kuchukua koti langu nilipomsikia Gaspard, mtu niliyedhani atakuwa wa kwanza kunisukuma mlangoni. "Shuka tuliifuata bote," alisema. "Tupunguze bote." Watu walimtazama kama wanaomwona kwa mara ya kwanza. Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa Nadège ulikuwa wa mwisho, na ulipanda nusu tu, lakini ulipanda.

Tulipona. Idi na Nadège walizunguka mikahawa ya Ixelles wakitafuta wateja, baadaye tukapata nyumba ya kutunzia wazee, kisha nyingine. Miaka ikapita, Maman Philo akaigeuza dobi kuwa ya ushirika, kila aliyetaka akawa na sehemu yake, nami nikawa nayo. Nilianza kumwamini bila kujua ni siku gani nimeanza. Na nilipomwamini, nilijipangia hadithi nikaishi nayo: kwamba katika banda lile lote, mwaka ule wote, yeye peke yake ndiye ambaye hakunishuku. Nilimsimulia Clarisse hivyo. Niliwasimulia vijana wa kazini. Na hayo ndiyo niliyokusudia kusema Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia.

Ukumbi ulijaa. Kina mama wa kwaya walikuwa wamevaa vitenge vya aina moja, wengine wanaimba, wengine wanagawa chai na maandazi. Nadège alikuja na wajukuu. Idi alikaa karibu na mlango na tasbihi yake mfukoni. Tonton Gaspard alikuwa amezeeka sana, miguu imevimba, lakini koti lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Nilikaa kando yake, na kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi wa kusema mbele za watu, nikamwonjesha maneno yangu. Alinisikiliza huku akikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Nilipofika mahali pa kusema kwamba Maman Philo peke yake ndiye ambaye hakunishuku, akaacha kijiko.

"Ile si kweli, mwanangu," alisema.

Nilidhani hakusikia vizuri. Nikarudia.

"Nimesikia. Si kweli. Alikushuku wa kwanza, mbele ya siye bote kukushuku. Alikuya kwangu mu cour, pale magari inasimama, tableau ingali ukutani, akaniambia: Gaspard, ni ule mutoto. Roho yangu inasema ni yeye. Nikamujibu, alors mufukuze. Akasema hapana." Alipumua, akatafuta pumzi nyingine. "Mbele ya weye kufika, kulikuwa mwanamuke mumoja, nape zilikuwa zinapotea, vile vitambaa vya meza. Roho yake ikamwambia ni ule. Akamufukuza. Na nape ziliendelea kupotea. Yule mwanamuke alikuwa na batoto. Donc akaniambia: roho yangu ilishanidanganya, Gaspard, siwezi kuendesha kazi na roho. Natafuta namna ya kufanya, ili hata nikishuku muntu, shuku yangu isimufukuze. Miye nilifikiri amekuwa wazimu. Siku tulifungua ile shuka, nikaona hakuwa wazimu."

Niliuliza, na sauti yangu ilikuwa ya yule msichana wa zamani, "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungesikia vibaya."

Na kweli nilisikia vibaya. Nilikaa pale na maandazi mkononi nikihisi kama nimenyang'anywa kitu. Niliukumbuka uso wake kila alipokuwa ananipakulia samaki, kila aliponiuliza kazi yangu inakwendaje, na kwenye kila kumbukumbu niliweka shuku yake, ikiwa imetulia nyuma ya miwani. Kisha, kwaya ikiendelea kuimba, nikamwona upya. Niliona jinsi ilivyokuwa kazi ngumu. Kumtetea mtu unayemwamini ni jambo jepesi, kila mtu hulifanya. Yeye alikuwa amekaa mbele ya yule bwana wa mwavuli, mteja wake mkubwa, huku akijua kwamba roho yake mwenyewe ilishalitaja jina lile lile linaloulizwa, na akakataa kulitoa. Nami mara ngapi, hapo kazini, taulo zikipotea, roho yangu hutaja jina la kijana fulani kabla sijavaa miwani yangu?

Clarisse aliniita. Nilisimama mbele ya picha ya mama yake, na karatasi ya maneno niliyoandaa nikaiacha mfukoni. Niliwaambia kwa kifupi. Niliwaambia kwamba nilipokuwa mgeni katika mji huu mambo yaliharibika kazini na wote walinishuku, na kwamba kwa miaka yote nimesema Maman Philo hakunishuku. "Leo nimejua kwamba na yeye alinishuku," nilisema. Mama mmoja wa kwaya akaguna. Nilimwona Nadège akiinua uso. "Alinishuku, na hakunifukuza. Hakumwambia mteja. Alikataa kuiamini shuku yake mpaka tuwe tumetembea wote na kutazama. Nimekutana na watu wengi waliosema wananiamini. Sijakutana na mwingine aliyejizuia kama yeye."

Niliketi. Sikujua kama nimemheshimu marehemu au nimemvunjia heshima mbele ya ndugu zake, na hakuna aliyenisaidia kujua, maana kila mtu alikuwa anamtazama Clarisse. Clarisse alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikadhani nimemliza. Kisha akainua uso, nikaona anacheka, kicheko cha kimya chenye machozi, cha mtu ambaye kwa siku nyingi amekuwa akisikia habari za mtakatifu asiyemfahamu.

"Sasa njo mwenyewe," alisema. "Sasa njo maman yangu munasema."